Injini ya Akiba

Majirani zangu, pamoja na ninyi mnaonisoma mkiwa mbali, habari ninayotaka kuwapa ni ya nyumba moja tu, na nyumba hiyo naiona kutoka dirisha la jiko langu. Siiandiki ili mtu achekwe. Naiandika kwa kuwa karibu kila nyumba ina kitu kimoja kilichokaa pembeni, kimefunikwa, hakijashikwa kwa miaka, na ina mtu mmoja anayekitazama na kusema, "Kwani hiki kinangoja nini?"

Mimi naitwa Neva Pruitt. Niliendesha basi la shule hapa wilayani kwetu, Indiana, mpaka magoti yakagoma. Majirani zangu ni Verlin Hoskett na mkewe Orpha. Verlin anafanya kazi kwenye maghala ya mahindi, na Orpha ni mpishi wa shule. Walikuwa wakiishi na baba yake Orpha, mzee Emory, aliyetumia ujana wake wote katika kiwanda cha kuyeyusha chuma na kutoka huko na vumbi la mchanga kifuani.

Jioni moja ya mwezi wa Mei tulikuwa tumekaa barazani kwao, sote wanne. Orpha alikuwa amepika kuku na tambi, akazimwaga juu ya viazi vilivyopondwa kama ilivyo desturi yetu, na mzee Emory alikuwa anakula polepole huku ule mrija mwembamba ukiwa puani mwake. Mrija ulipita chini ya mlango hadi sebuleni, ilikokuwa mashine ya oksijeni ikinguruma siku nzima. Mahindi yalikuwa yameanza kuchomoza upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyekuwa na haraka ya jambo lolote.

Mara pikapu ikasimama mbele ya nyumba, na Gaylon Stroud, mpinzani wake Verlin katika mbio za pikipiki, akatoa kichwa dirishani.

"Verlin! Ile baiskeli yako ya mtoto bado inapumua?"

"Inapumua kuliko mdomo wako," Verlin akajibu.

"Mwaka jana nilifika mwisho, nikavua kofia, nikajifuta jasho, nikanywa soda, ndipo nikakuona unakuja. Nilidhani ni mtu wa posta!"

Tulicheka sote, hata mzee Emory, ambaye kucheka kulikuwa kunamgharimu. Verlin alicheka pia, lakini mimi nilikuwa karibu naye na niliona uma wake umesimama juu ya sahani. Gaylon akaondoka akipiga honi. Tangu jioni hiyo Verlin hakukaa tena barazani baada ya chakula.

Labda wengine wenu hamjui mchezo huu. Ni pikipiki ndogo, kiti chake kinafika gotini, na injini yake ni ya aina ile ya kulimia bustani au kukatia majani. Zilitengenezwa kwa ajili ya watoto, zamani, na sasa wanaume wenye mvi wanapiga magoti juu yake na kushindana wawili wawili kwenye njia iliyonyooka. Taa ikiwa kijani, wanaondoka. Mnafumba na kufumbua macho, wamefika. Chama chetu kina sheria moja kali: kila kitu kiwe cha zamani. Injini iliyozaliwa baada ya 1979 haikanyagi njia yetu.

Verlin akaamua kutengeneza pikipiki ya injini mbili. Alikata fremu katikati, akairefusha kwa bomba, akaichomelea upya. Injini moja alikuwa nayo, ya nguvu farasi nane, aliyoitoa kwenye trekta ndogo ya bustani ya marehemu mjomba wake. Aliifungua yote, akaisafisha mpaka ungeweza kulia chakula juu yake. Nyuma yake akaacha nafasi wazi ya injini ya pili, na hapo ndipo kazi ilipomshinda.

Maana injini mbili zikifungwa kwenye mhimili mmoja lazima zilingane kama pacha. Zisipolingana, ile yenye nguvu inaivuta pikipiki na inaivuta na mwenzake pia, na unabaki nyuma ya yule aliyekuja na moja. Verlin alitafuta kwenye mabanda ya wakulima, kwenye magulio ya vyuma, akapiga simu Ohio na Kentucky. Alipata za miaka ya kabla yake na za miaka ya baada yake, zenye kabureta nyingine. Pacha hakupatikana. Na mbio zilikuwa mwezi wa Juni, wiki ya pili.

Siku moja nilikuwa naosha vyombo, nikamwona akikata majani nyuma ya nyumba yao. Upepo ulikuwa umefunua turubai pale ukutani. Verlin akazima mashine ya majani, akachuchumaa, akatulia kabisa. Nikadhani ameona nyoka.

Alichoona ni jenereta. Mzee Emory aliinunua mwenyewe baada ya ile theluji kubwa ya mwaka 1978, iliyotufungia ndani siku nyingi bila umeme. Ilikuwa ya mtindo wa kizamani, injini upande mmoja na dinamo upande wa pili, na mkanda katikati. Mzee huyo aliitunza kwa mafuta na kitambaa kila majira, na alipoanza kuishiwa pumzi akamfundisha binti yake kuiwasha. Na sasa ilikuwa na kazi moja tu duniani. Umeme ukikatika, ulikuwepo mtungi mmoja wa oksijeni wa akiba, wa saa chache. Mtungi ukiisha, ni jenereta. Daktari alikuwa amelisema hilo wazi mezani kwao, Verlin akiwa amekaa hapo hapo.

Injini ya jenereta ile ilikuwa ya aina ileile, ya mwaka uleule, hata rangi.

Verlin mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye jinsi alivyojishauri. Alisema, umeme haujakatika zaidi ya nusu saa tangu waweke nguzo mpya. Alisema, naiazima tu. Mbio ni Jumamosi, Jumapili naifunga mahali pake. Alisema, nikimwambia Orpha atapata wasiwasi wa bure. Jamani, mtu akianza kukuhurumia kwa kukuficha jambo, shika moyo wako.

Aliitoa siku Orpha alipompeleka baba yake kliniki. Bolti nne na mkanda, basi. Kisha, ili turubai lisibonyee, akachukua ndoo ya plastiki, akaifudikiza pale injini ilipokuwa, akafunika. Ndoo, ndugu zangu! Uhai wa mzee ukawa unalindwa na ndoo.

Kungekuwa na nafuu kama angeishia hapo. Lakini injini hizi zina kidude kinachoitwa gavana. Kazi yake ni kulinda mwendo: mzigo ukizidi kinaongeza mafuta, mzigo ukipungua kinapunguza, na injini inabaki kwenye mwendo mmoja. Kwa jenereta hicho ndicho roho yake, maana umeme hautaki mwendo wa kupanda na kushuka. Kwa mwanamashindano ni askari anayemsimamisha kila akitaka kukimbia. Desturi ya watu wetu ni kukitoa, na hakuna anayeuliza mara mbili. Verlin akazifungua injini zote mbili, akang'oa magavana na meno yake ya ndani, akavitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Mnunuzi wa vyuma akapita Alhamisi yake, akabeba pipa zima.

Pikipiki ilipokamilika ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ndefu, nyekundu, imelala chini, injini mbili zimefuatana, waya mmoja wa kuongezea mafuta ukigawanyika na kuzikoleza zote kwa pamoja. Siku aliyoiwasha nilitoka nje na mikono yenye unga. Nimezisikia injini nyingi maishani, na zile mbili zilikuwa zinanguruma kama kitu kimoja.

Mzee Emory naye aliomba atolewe mpaka mlangoni pa gereji. Orpha akamsogeza na kiti chake na mrija wake mrefu. Akasikiliza kichwa kimeinama.

"Ziko sawasawa," akasema. "Hujambo kwa kazi, mwanangu. Ya pili umeipata wapi?"

"Kwa mtu mmoja hivi," Verlin akajibu, akijifanya anafuta tangi.

"Mtu mwema huyo. Injini kama hiyo si kila mtu angekubali kuiachia."

Verlin akaendelea kufuta. Palikuwa safi tayari.

Jumamosi ikafika. Verlin aliondoka asubuhi na pikapu yake, pikipiki nyuma imefungwa kamba, akaenda kwenye njia ya mbio, mwendo wa saa nzima kuelekea mashariki. Orpha alibaki na baba yake, nami nilikwenda kwao mchana kumsaidia kutoa vikonyo vya stroberi za kutengenezea jamu. Kulikuwa na joto zito lisilo na upepo. Mzee alikuwa anasikiliza mpira redioni na kumkemea kila mchezaji.

Kisha magharibi pakawa peusi, na kabla hatujafunga madirisha yote upepo ulifika. Haukuwa kimbunga cha kuzunguka. Ulikuja ukiwa umenyooka, ukilaza kila kitu upande mmoja. Mti mkubwa wa mbele ya nyumba yangu ukaangukia barabara. Redio ikazima. Mashine ya oksijeni ikatoa mlio wake wa kulia, ule wa kuonya, kisha ikanyamaza.

Orpha hakubabaika. Alifungua mtungi wa akiba, akauunganisha mrija, akasikiliza kifua cha baba yake. "Upepo ukitulia nawasha jenereta," akasema. "Dada Neva, nisaidie kumshikia mto."

Upepo ukatulia. Tukatoka pamoja nyuma ya nyumba, yeye na kopo la petroli, mimi na waya mrefu. Akavuta turubai.

Alisimama akiitazama ile ndoo. Akainyanyua, akatazama chini yake, kana kwamba injini ingekuwa imejificha humo ndani. Kisha akaiweka chini taratibu.

"Kwa mtu mmoja hivi," akasema.

Nilitaka kumtukana Verlin kwa niaba yake, nikajizuia. Orpha akatoa simu, akapiga namba ya dharura kwanza. Wakamwambia zimamoto wetu wa kujitolea wako ng'ambo ya kijito, wanamtoa mtu chini ya banda lililoanguka, na miti imelala kila mahali. Watakuja, lakini avumilie. Nyumba yangu haina jenereta. Nyumba ya tatu baada yetu wanayo, ila walikuwa wamesafiri na wamefunga. Tumwinue mzee? Tumpeleke wapi, na barabara imezibwa pande zote mbili?

Ndipo akampigia mumewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hadithi yote iko hapa. Kule kwenye mbio upepo ulikuwa haujafika. Waliona mawingu tu, wakaamua kuharakisha fainali kabla ya mvua. Waliobaki walikuwa wawili, Verlin na Gaylon Stroud. Verlin alikuwa amesimama kando ya pikapu anavaa kofia yake, na simu ilikuwa kwenye kiti. Ikalia. Akaona jina la mkewe.

Alidhani anaagizwa mkate, au maziwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini aliniambia pia kwamba aliyaona yale mawingu yalikokuwa, na alijua nyumba yake iko upande gani. Akaigeuza simu kifudifudi, akaenda mstarini.

"Leo umekuja na injini mbili kunishinda mimi mwenye moja," Gaylon akamtania.

"Na wewe umekuja na mdomo."

Taa ikawa kijani. Pikipiki nyekundu ilitoka kama iliyosukumwa, na Gaylon hakuona kitu ila mgongo wa Verlin. Watu wakapiga kelele. Wakampa kikombe, wakampiga picha, Gaylon mwenyewe akamshika mkono na kusema kweli ni kweli. Baada ya hayo yote ndipo aliporudi kwenye pikapu, na simu ilikuwa inalia tena.

Orpha hakumgombeza. Alimwambia maneno matatu: "Umeme. Baba. Ndoo."

Pale kwenye mbio, hatua chache kutoka aliposimama, kibanda cha kukaangia viazi kilikuwa na jenereta nzima, mpya, inayofanya kazi. Angefungua kinywa, wanaume kumi wangeipakia kwenye gari kabla hajamaliza sentensi. Lakini kukifungua kinywa ni kusema amefanya nini. Aliona haya. Akafunga kamba za pikipiki, akaondoka peke yake bila kumuaga mtu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi naongeza kwamba karibu amuue mkwewe.

Nyumbani Orpha alikuwa amepunguza oksijeni kwenye mtungi ili idumu. Midomo ya mzee ilianza kupoteza rangi. Akili yake ilikuwa bado nzuri.

"Neva," aliniita kwa sauti ndogo, "usinitazame hivyo. Sijawahi kupendeza namna hiyo."

"Nyamaza, mzee. Tunza pumzi yako."

"Jenereta imekataa?"

Orpha akamshika mkono. "Inakuja, baba."

Mzee akamtazama binti yake kwa muda. Nadhani alielewa yote wakati ule, maana alifumba macho na hakuuliza tena.

Tulimsikia Verlin kabla ya kumwona. Ule mti wangu ulikuwa umeegemea ukingo wa barabara, na pikapu haikuweza kupita. Aliishusha pikipiki, akaisukuma chini ya shina kwa kuwa ilikuwa imelala chini, akaipanda. Mtu mzima wa kilo mia, amepiga magoti kwenye kitu cha mtoto, matope mpaka kwenye nyusi, injini mbili zinaunguruma kijijini kusikokuwa na umeme. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Alizima, akachukua spana, akaanza kufungua injini ya nyuma ikiwa bado inachoma. Nilimshikia mkanda. Alikuwa hodari, sikatai. Mara injini ikawa imekaa mahali pake. Akauchukua waya wa mashine ya mzee.

"Usichomeke," Orpha akasema. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Orpha, muda hatuna!"

"Chomeka taa kwanza."

Akachomeka taa ya mezani. Akavuta kamba, injini ikawaka, na bila gavana ikapanda kwa kelele moja hadi juu. Taa ikamulika nyeupe, ikapasuka. Vipande vyake vilitufikia miguuni. Hiyo ingekuwa mashine ya oksijeni, na hatukuwa na nyingine.

Verlin akatazama vile vioo. Kisha akapiga magoti kwenye matope, akaushika kwa vidole ule mkono mdogo wa kabureta unaopimia injini mafuta, akaishusha injini kwa mkono. "Leteni taa nyingine," akasema. "Iwekeni mbele ya macho yangu."

Tukaweka. Akaipandisha polepole, akaishusha, akaipandisha, mpaka taa ikawaka mwanga wa kawaida na kutulia. "Sasa," akasema. Orpha akachomeka. Mzigo ulipoingia injini ikazama, taa ikafifia, na Verlin akaongeza mafuta upana wa unywele. Sebuleni mashine ikaanza kunguruma.

Alikaa hivyo alasiri nzima. Hakuweza kupepesa macho kwa raha, wala kujikuna, wala kujibu. Bomba la moshi lilikuwa karibu na mkono wake, na ngozi ya vidole ikaanza kuungua. Nilimletea kitambaa chenye maji nikamfunga huku akiendelea kushika. Mtu aliyetaka injini isiyojua kuzuiwa akawa yeye ndiye kizuizi chake. Niliingia ndani na kutoka, nikimpa habari. "Midomo imerudi rangi." "Amekunywa maji." "Amelala." Kila nilipomwambia alitikisa kichwa, macho kwenye taa.

Kabla jua halijazama tukasikia misumeno ya miti barabarani, na vijana wa zimamoto wakafika na mitungi. Wakamchukulia mzee vipimo, wakasema yu salama, lakini wangempeleka hospitali akaangaliwe. Orpha akatoka nje. Verlin hakumsikia kwa ajili ya kelele, wala hakugeuka. Mkewe akainama, akaizima injini yeye mwenyewe.

Kukawa kimya. Verlin alijaribu kukunjua vidole, havikukunjuka. Orpha akaushika ule mkono ulioungua, akaufungua kidole kimoja kimoja, akaupaka dawa waliyomwachia vijana, akaufunga vizuri. Nilifikiri mambo yamekwisha. Nilitaka kuondoka niwaache.

"Simu ilipolia mara ya kwanza," Orpha akauliza, "uliiona?"

Angeweza kudanganya. Kelele zilikuwepo, kofia ilikuwepo, uongo ulikuwa umemkalia tayari mdomoni. Nampa sifa yake: hakuutoa.

"Niliiona."

"Kabla ya kukimbia au baada?"

"Kabla."

Orpha akatikisa kichwa kidogo. "Asante kwa kuniambia kweli," akasema, akaingia ndani kumfungia baba yake nguo za hospitali.

Mzee Emory hakurudi nyumba ile. Alipotoka hospitali, Orpha alimpeleka mjini kwa dada yake Loretta, na yeye Orpha akahamia huko pia. Verlin akatafuta gavana kila mahali, akalipata, akaifunga jenereta ikawa kama zamani. Akaivunja pikipiki nyekundu vipande vipande. Kila Jumapili huenda kuwaona. Mzee humpokea vizuri kuliko anavyostahili, humtania kuhusu matope, na Orpha humwekea chakula. Saa ya kuondoka ikifika, anaondoka peke yake.

Watu wetu wanapenda maneno, wakaanza kusema ndoa ya akina Hoskett imekufa. Mimi nilimwuliza Orpha mwenyewe, tukiwa tunaosha vyombo kwa Loretta.

"Sijamwacha mume wangu, dada Neva," akanijibu. "Nimemhamisha baba mahali ambapo simu ikilia, mtu anapokea."

Funzo

Ndugu zangu, sikuandika haya ili mchukie pikipiki. Mchezo ni mzuri, na mikono inayojua kazi ni baraka ya Mungu. Ubaya uliingia pale Verlin alipotazama kitu cha akiba akakiona hakina kazi. Kitu cha akiba kiko kazini wakati wote. Kazi yake ni kuwepo. Jenereta chini ya turubai, dawa kabatini, tairi la akiba kwenye buti, fedha ya matibabu ya mama, vyote hivyo vina mwenyewe hata kama mwenyewe amelala. Kabla hujavigusa, mwulize yule ambaye vimewekwa kwa ajili yake, tena mwulize uso kwa uso. Ukiona haya kumwuliza, jibu umekwisha kulipata.

Na ukikosea, sema upesi, maana msaada unaweza kuwa hatua chache tu kutoka uliposimama. Aibu ya kusema hupita jioni ileile. Verlin alimwokoa mzee kwa mkono wake, na kila mtu hapa anamsifu kwa hilo, mimi wa kwanza. Lakini mkewe hakuvunjwa moyo na injini, wala na ndoo. Alivunjwa moyo na simu iliyogeuzwa kifudifudi. Kwa hiyo watu wa nyumbani kwako wakikuita, itika kwanza. Mbio zitakungoja, na zisipokungoja, ziache ziende.